Mkono Uliopona

Kwetu Mlali, mtoto akimpa mkubwa kitu, au akimpa mkono wa salamu, anautoa wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, hapa kwenye kifundo. Sikumbuki nani alinifundisha. Nadhani nilipata akili nikakuta mikono yangu inafanya hivyo. Baba yangu alikuwa mkulima wa karanga na alizeti, mtu wa maneno machache, na katika mambo aliyoyasimamia bila kulegeza, hilo lilikuwa la kwanza. Ukimletea maji ya kunywa kwa mkono mmoja, anatazama pembeni kama hajakuona, mpaka uyarudishe jikoni uanze upya. Tulikuwa tunacheka huko jikoni, lakini tulianza upya.

Mimi nilipewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita mama. "Mama, niletee kiti." "Mama, umekula?" Nikiwa na miaka sita, nimepakaa mlenda mpaka shavuni, mzee mzima ananiita mama mbele za watu, na mimi naitika kwa maringo yangu yote.

Baadaye nikaenda Dodoma mjini, nikasoma uhazili, nikapata kazi ofisini. Kazi yangu ni kunukuu vikao. Watu wanakaa mezani, wanaongea, wanarekodiwa, halafu mimi navaa visikilizio na kuandika kila walichosema, pamoja na yale ambayo wangependa wasingeyasema. Naandika haraka. Nilikuwa najisifu kwa hilo, na mabosi walijua kwamba kikao kikiisha saa kumi jioni, kesho yake saa nne asubuhi taarifa iko mezani kwao. Ukiwa na sifa ya namna hiyo kazini, huna tena siku ya kupumzika.

Siku moja nikaenda Mlali kusalimia. Nilikuta baba ameketi uani na wazee wanne, majirani zake wa tangu ujana. Nilikuwa na simu sikioni, nimeishika kwa mkono wa kushoto, bosi wangu ananiuliza ukurasa fulani wa taarifa uko wapi. Nikamsogelea baba huku naongea na simu, nikatoa mkono wa kulia peke yake, nikasema shikamoo katikati ya sentensi ya bosi.

Baba aliutazama ule mkono ukiwa hewani, akauacha hapo hapo.

"Maliza kwanza na mkubwa wako," alisema.

Wazee wakatazama viatu vyao. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaenda kumaliza kweli. Nilisimama kando ya zizi la mbuzi nikaongea kama dakika kumi hivi. Niliporudi, simu mfukoni na mikono yote miwili ikiwa huru, baba akatabasamu tabasamu ambalo sikulijua, akasema, "Karibu, mheshimiwa."

Anayeishi Dodoma anajua kwamba waheshimiwa hawahesabiki pale mjini, lakini Mlali nilikuwa peke yangu. Tangu siku hiyo baba hakuniita mama tena. Nikipiga simu: "Mheshimiwa, hujambo?" Nikituma zawadi: "Tunashukuru, mheshimiwa." Alisema kwa upole, bila kupandisha sauti. Nami nikakasirika. Nikajiambia mzee ana kisirani, salamu moja tu kaifanya kesi. Ningeweza kumwomba radhi mwezi ule ule, nikapiga magoti, yakaisha. Lakini ukaidi wangu nimeurithi kwake, na wote wawili tulikuwa nao wa kutosha. Ikapita miaka minne, mimi nikienda kwa nadra na kurudi upesi.

Ndipo mkono ukaanza.

Mwanzoni ilikuwa ganzi kwenye kidole gumba na viwili vinavyokifuata. Naukung'uta mkono, ganzi inakwisha, naendelea. Kisha yakaja maumivu kwenye kifundo yakipanda hadi kiwikoni, na asubuhi naamka nakuta kiganja kimekuwa cha mtu mwingine. Nilipaka dawa za kuchua mpaka ofisi nzima ikanuka kama chumba cha kubadilishia nguo cha wachezaji mpira. Nikaanza kudondosha vitu. Nilidondosha kikombe cha chai, nikadondosha funguo, na Jumatatu moja nikadondosha faili la mkurugenzi mbele ya mkurugenzi mwenyewe.

"Dada, nenda hospitali," aliniambia mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja cha ofisi, mama mmoja wa Kondoa asiyependa kuzunguka maneno. "Huo mkono ukifa, hawa watamleta mwingine kwenye kiti chako kabla hakijapoa."

Daktari alinigongagonga kifundo kwa kidole, akanikunja kiganja, akaniuliza naandika saa ngapi kwa siku. Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo umebanwa, na nikiendelea hivyo nyama za chini ya kidole gumba zitasinyaa na hazitarudi. Akanipa bandeji ngumu yenye kibao ndani ya kuunyoosha mkono, akanielekeza kwa mtaalamu wa mazoezi, na akaniandikia ED, ile ruhusa ya mgonjwa kutofanya kazi, ya wiki mbili. Wiki mbili bila kugusa kibodi. Nilitoka pale nalia, na sikuwa nalia kwa maumivu. Niliona aibu. Baba yangu ameshika jembe zaidi ya miaka hamsini, na mkono wake uko imara. Mimi nimeumizwa na vitufe.

Chumba changu kiko Ihumwa, na kukaa peke yangu mchana kutwa bila kazi kulinishinda siku ya tatu. Nikaamua kwenda Mlali. Ilikuwa mwezi wa saba, ule upepo wa baridi wa kwetu unaochapa mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo nilivaa sweta la mikono mirefu. Nikiwa njiani juu ya bodaboda nikawaza baba atasema nini akiiona ile bandeji. Mheshimiwa ameumia kwa kuandika! Nikamwomba dereva asimame, nikaivua, nikaifutika chini kabisa ya mkoba.

Bodaboda wa barabara ya vumbi hamhurumii mtu. Nilipofika nyumbani mkono ulikuwa unawaka, nikashuka nimeushika kifundo kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba yai. Baba alikuwa mlangoni. Nikautoa hivyo hivyo, kwa sababu sikuweza kuutoa kwa namna nyingine, na kwa sababu ya maumivu magoti yalinikunjika kidogo.

"Shikamoo, baba."

Aliitazama mikono yangu miwili, ule wa kulia mbele na wa kushoto umeushika. Kisha akaupokea kwa mikono yake yote miwili, na nikaona kidevu chake kinatikisika.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mama. Karibu nyumbani, mama."

Nilielewa mara moja alichokiona. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: naumwa. Lakini miaka minne nilikuwa sijaitwa mama, na sikujua kama nililikosa jina hilo kiasi hicho mpaka lilipotoka mdomoni mwake. Nikanyamaza.

Katika nyumba ile baba aliishi na dada yake, shangazi yangu, mjane mwenye ulimi mkali. Yeye hakudanganyika hata nusu saa. Aliniona jikoni nikijaribu kuinua sufuria kwa mkono wa kushoto.

"Mkono una nini?"

Nikamwambia. Akafunga mlango wa jiko, akapasha chumvi moto, akaifunga kwenye kitambaa na kunikanda taratibu, huku mimi nikiuma khanga yangu nisipige kelele.

"Na kaka yangu anadhani umekuja kutubu," alisema. "Tangu ufike anaimba."

"Nimwambieje, shangazi?"

"Mimi sijui. Mwambie, au usimwambie. Ila huu mkono utapona. Ukipona utafanyaje?"

Nilisema nitaona hapo mbele. Siku zile niliona nimejibu vizuri.

Siku zote nilizokaa pale, baba alikuwa mtu mwingine. Nikimnawisha kabla ya kula, jagi la maji lilikuwa zito kwangu, nililishika kwa mikono miwili na kuinama, na yeye alinawa polepole kama anayetaka maji yasiishe. Nikimpa kikombe, kifundo nimekishika. Nikipokea sahani, nimekishika. Alinihadithia habari za mama yake, huyo niliyepewa jina lake, jinsi alivyotembea na mbuzi watatu kutoka upande wa Mpwapwa mwaka wa njaa. Miaka yote sikuwahi kuzisikia. Kila jioni akaniwekea karanga mbichi alizozichagua mwenyewe moja moja, na mimi nilizimenya kwa meno kwa sababu vidole havikuwa na nguvu, akacheka sana, akasema hata utotoni nilikuwa panya.

Jumapili ya pili akawaita wale wazee wanne.

Hakuniambia kwa nini. Niliwakuta uani wamekaa kwa mpangilio ule ule wa siku ile, na baba amevaa koti lake la kanisani. "Mama," aliita kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "njoo usalimie wazee."

Nikaenda. Wa kwanza akanipa mkono, na ule ni mkono wa mtu aliyelima maisha yake yote, ulikibana kiganja changu mpaka macho yakajaa machozi. Mbukwenyi, nikamsalimu kwa Kigogo, shikamoo babu. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu aliutikisa. Nilipofika kwa wa nne machozi yalikuwa yanashuka waziwazi na mkono wa kushoto umekikamata kifundo kwa nguvu zangu zote. Mzee wa nne aliona machozi, naye akatokwa na machozi.

"Mmeona?" baba aliwaambia. Hakusema kingine. Alirudi akakaa kwenye kiti chake na kupangusa magoti ya suruali yake, ambayo hayakuwa na vumbi.

Usiniulize kama nilijaribu kusema ukweli baada ya hapo. Sikujaribu. Ningewezaje?

ED ikaisha nikarudi mjini. Yule mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole mwenye mikono ya baridi, alinifundisha upya vitu nilivyodhani navijua. Namna ya kukaa. Namna ya kuweka kibodi chini, mikono isining'inie. Tuliinua kiti changu kwa mto na kuhamishia mausi upande wa kushoto, na kila nusu saa nasimama nanyoosha vidole ukutani huku yule mama wa Kondoa ananiuliza kama naomba mvua. Nilifinya sponji kwenye beseni la maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Nilijifunza kumwambia bosi kwamba taarifa itatoka keshokutwa, na ajabu ni kwamba ofisi haikuanguka.

Jambo moja yule kijana alilirudia kila nilipokwenda. "Dada, acha kuushika," aliniambia. "Umezoea kuushika. Uachie ufanye kazi yake." Kweli nilikuwa nimezoea. Nikitembea barabarani nimeushika, nikiongea na watu nimeushika. Akawa ananipiga kidole kwa utani kila mkono wa kushoto ukisogea. Ikanichukua mwezi mzima kuacha.

Mwezi wa kumi na mbili mkono ulikuwa umepona. Nilifungua mwenyewe kopo la jamu, nikalisimamisha mezani nikalitazama kwa furaha. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na nikajua baba anapanda karanga. Nikaomba likizo. Safari hii, nilijiambia, nitashika jembe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nimelirudia kichwani mara nyingi mno, nikitafuta mahali pa kusimama nilizuie. Nilikuwa nimefurahi. Nilishuka kwenye bodaboda na mfuko wa sukari na majani ya chai kwenye mkono wa kushoto, baba alikuwa anatoka shamba na tope miguuni, nikamkimbilia kama mtoto. Nikamnyooshea mkono wa kulia peke yake, nikaukamata wa kwake nikaubana kwa nguvu zangu zote mpya.

"Shikamoo baba! Ona, umepona kabisa!"

"Marahaba," alisema. Kisha, "Umepona nini?"

Nilisahau. Wallahi nilisahau kwamba hajui. Miezi mitano watu wote wa maisha yangu walikuwa wakiniuliza habari za mkono, na katika furaha ile nilimhesabu na yeye. Nikaanza kujibu kabla sijafikiri: kompyuta, mshipa, daktari, tangu mwezi wa sita. Nilijisikia nikiendelea kusema na sikuweza kunyamaza.

Baba aliugeuza mkono wangu, akautazama juu, akautazama chini.

"Kumbe ulikuwa unaumwa."

"Ndiyo, baba."

"Hata ile siku ya wazee."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana ulikuwa unalia."

Akauachia mkono wangu taratibu, akaurudisha upande wangu kama mtu anayerudisha kitu alichokichukua kwa bahati mbaya akidhani ni chake.

"Pole," alisema. "Pole sana. Ungesema, tungekutafutia dawa." Akaingia ndani kunawa tope.

Siku hiyo hakuniita mama. Hakuniita mheshimiwa pia. Hakuniita kitu.

Asubuhi nilimpelekea maji ya kunywa. Niliyapeleka kama ilivyo desturi, mkono wa kulia mbele, wa kushoto umekishika kifundo, na safari hii hapakuwa na maumivu yoyote, nilikuwa nimekusudia. Nilikuwa nimekusudia kuomba radhi kwa miaka ile minne yote na kwa ile Jumapili. Nilipiga magoti. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni.

Baba alitazama mikono yangu, akayapokea maji.

"Usijisumbue," alisema, kwa upole kabisa, kwa upole ambao ningetamani uwe ukali. "Mkono wako umepona."

Maneno yangu yakafia hapo. Tulikwenda shambani, tukapanda karanga, yeye akichimba mashimo na mimi nikifukia. Mkono haukuniuma hata kidogo.

Niliporudi mjini nilimpigia simu karibu kila wiki. Nilijaribu kusema. Nilisema, baba, nisamehe kwa siku ile ya simu, na mengine yote. Alijibu, "Hakuna neno, yameshapita," kisha akaniuliza kama mvua imenyesha Ihumwa. Kwenye simu mkono hauonekani. Nilipanga kwenda wakati wa kuvuna, niseme yote mbele ya wazee wale wale, kwenye viti vile vile.

Karanga zilikuwa bado wiki mbili tatu kung'olewa shangazi aliponipigia ofisini. Nilivua visikilizio. Alisema baba alikwenda shamba asubuhi, akarudi akisema kifua kinabana, akalala kidogo. Hakuamka. Kwenye skrini mbele yangu kulikuwa na sentensi ya mtu fulani wa kikaoni niliyoiacha nusu, na sijui nani aliimalizia.

Nilifika wameshamlaza sebuleni, amevalishwa lile koti la kanisani. Shangazi aliwatoa watu kidogo nibaki naye. Nilikaa chini nikauchukua mkono wake wa kulia kwa wangu, na wa kushoto nikakishika kifundo changu. Nikasema shikamoo. Nikakaa hivyo mpaka waliponifuata.

Kaburini wale wazee wanne walinipa mkono mmoja mmoja. Niliwasalimia vile vile kama ile Jumapili. Wa nne akaniambia, "Baba yako alikuwa akikusifu sana," nami sikumuuliza kama ni kabla ya mwezi wa kumi na mbili au baadaye. Mpaka leo sijamuuliza, na njia ya kwenda kwake naifahamu.

Sasa ni mwaka umepita. Nanukuu vikao kama zamani, kwa mwendo wa kiungwana. Pale ofisini kuna mzee anayetembeza mafaili, karibu anastaafu. Kila akija mezani kwangu nasimama, nampa faili kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unakishika kifundo. Siwezi kumpa mtu yeyote kitu bila kufanya hivyo tena.

Juzi yule mama wa Kondoa aliniona, akasikitika.

"Dada, jamani," aliniuliza, "huo mkono bado haujapona?"

"Bado," nikamwambia.